Kufunga Choo kwa Muda Mrefu: Namna ya Kuurudisha Utumbo kwenye Ada Yake

Mtu anayeingia duka la dawa mtaani Langoni, mjini Lamu, kwa sababu choo kimemfunga, ni nadra kusema hivyo. Husubiri wateja wengine waondoke, husogea karibu na kaunta, kisha huomba kwa sauti ya chini “dawa ya kusafisha tumbo.” Nimelisikia ombi hilo kwa miaka mingi, kwa wazee na kwa vijana, na nimefikia kuamini kwamba maneno hayo yenyewe ni sehemu ya maradhi. Anayetaka kusafishwa huliona tumbo lake kama mtaro ulioziba, ambao dawa yake ni kumwagiwa maji kwa nguvu mara moja kwa mwezi. Utumbo mpana si mtaro. Ni msuli wenye saa zake na mazoea yake, na ukiuzoesha vibaya kwa miaka, hautarudi katika ada yake kwa usiku mmoja wa kuharisha.

Bibi mmoja aliniambia, “Mwanangu, ile dawa ya mwezi uliopita ilinifaa sana, lakini siku ya tatu tumbo likafunga tena.” Nikamjibu, “Bibi, halikufunga. Lilikuwa tupu.” Dawa kali ya kuharisha huondoa choo chote kilichomo katika utumbo mpana, pamoja na kile ambacho kingetoka kesho na keshokutwa, na huchukua siku kadhaa utumbo kujaa tena kiasi cha kumwita mtu chooni. Asiyelijua hilo huziona siku hizo kuwa ni ugonjwa uliorudi, akanywa dawa tena, na mzunguko ukaanza upya. Watu wengi walionijia wakisema hawawezi kwenda haja bila haluli au mafuta ya nyonyo walikuwa wamenaswa hapo.

Je, kweli umefunga choo?

Si kila anayekosa choo siku moja ni mgonjwa. Kwa watu wazima wenye afya, kwenda haja kubwa kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki ni hali ya kawaida, ilimradi choo kiwe laini na kitoke bila mateso. Tatizo husemwa kuwa la kudumu pale dalili zinapoendelea kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Dalili zenyewe ni kwenda haja chini ya mara tatu kwa wiki, kujikakamua sana, choo kigumu cha mabonge, kuhisi kwamba choo hakikuisha, kuhisi kana kwamba kuna kitu kimeziba njia, au kulazimika kutumia kidole ili kukitoa. Hilo la mwisho watu huliona haya hata mbele ya daktari, ilhali ndilo linalomwonyesha daktari tatizo liko wapi. Litaje.

Umbo la choo hueleza mengi kuliko hesabu ya siku. Madaktari hutumia kipimo kilichobuniwa katika mji wa Bristol, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 1997, kinachogawa choo katika aina saba. Aina ya kwanza ni vidonge vilivyotengana, mithili ya kinyesi cha mbuzi. Ya pili ni mabonge yaliyoshikamana. Ya tatu ni mche wenye nyufa. Ya nne ni mche laini usio na nyufa. Na kuanzia ya tano choo huzidi kulainika hadi ya saba ambayo ni maji matupu. Aina mbili za kwanza ni ishara kwamba choo kimekaa mno ndani. Chukua daftari na uandike kwa wiki mbili siku uliyokwenda, aina ya choo, kama ulijikakamua, na dawa uliyokunywa. Daftari hilo litakufaa zaidi ya kumbukumbu, kwa sababu mtu mwenye maumivu huhesabu siku vibaya.

Kinachotokea ndani

Chakula kinapotoka katika utumbo mwembamba huwa bado ni majimaji. Utumbo mpana, wenye urefu wa takriban mita moja na nusu, hufyonza maji hayo na kusukuma kilichobaki polepole kuelekea kwenye puru, yaani mfuko wa mwisho ulio juu ya tundu la haja kubwa. Kadiri choo kinavyokaa ndani ndivyo kinavyozidi kunyonywa maji na kuwa kigumu, na kadiri kinavyokuwa kigumu ndivyo mtu anavyokiogopa na kukiahirisha. Puru inapojaa, humwarifu mwenyewe. Asipoitikia, hisia hiyo hufifia baada ya dakika chache, na anayeipuuza kila siku kwa miaka huweza kuizima kabisa, mpaka akawa na choo kilichojaa asihisi lolote.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo, kwa kuwa kufunga choo si ugonjwa wa aina moja. Wako ambao utumbo wao husukuma polepole kupita kiasi, na hao huweza kukaa wiki bila hata kuhisi haja. Wako wengine ambao choo hufika mlangoni kwa wakati wake lakini mlango haufunguki: msuli ulioizunguka sehemu ya chini ya puru kama kitanzi, ambao ungepaswa kulegea wanaposukuma, hukaza badala yake. Mtu huyo huhisi haja kila siku, hukaa chooni nusu saa, hujikakamua mpaka jasho likamtoka, na hutoka na vidonge viwili. Ukimlisha maradufu mboga na nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya mimea isiyosagika tumboni, huongeza tu mzigo nyuma ya mlango uliofungwa, na tumbo humvimba zaidi. Ikiwa hiyo ndiyo hali yako, anza na mkao na namna ya kusukuma kabla hujaanza na chakula. Ikishindikana, yapo mazoezi maalumu ya kuifunza misuli hiyo kulegea, ambayo hufundishwa na wataalamu wa tiba ya viungo katika hospitali kubwa.

Sababu za hapa kwetu

Lamu ina sababu zake. Wali mweupe hauna nyuzinyuzi za kutosha: kikombe kimoja kilichopikwa hakifiki hata gramu moja, ilhali mtu mzima huhitaji angalau gramu 25 kwa siku. Atakayekula mahamri na chai asubuhi, wali na samaki mchana, na mkate wa ngano usiku, ameshiba vizuri lakini utumbo wake haukupata cha kushika.

Miraa ni sababu kubwa, na watu hawapendi kuambiwa. Majani yake yana kemikali zinazokaza utumbo na kuupunguzia mwendo, humwondolea mlaji hamu ya chakula, na humkesha usiku hata asubuhi yake, iliyo saa bora ya kwenda haja, ikampita usingizini. Kijana anayetafuna kila jioni pale barazani kisha akaomba dawa ya choo kila Jumatatu anajua jibu kabla sijamjibu.

Kisha kuna kuzuia haja. Wengi huizuia kwa ajili ya kuhifadhi udhu, hasa kati ya magharibi na isha, kwa kuona tabu kurudi nyumbani kutawadha upya. Mafunzo ya dini yenyewe yanachukia mtu kusimama katika sala huku akizuia haja, kwa hiyo hapa fiqhi na tiba zinakubaliana. Watoto nao huzuia huko shuleni na chuoni kwa sababu choo ni kichafu au hakina komeo, na mwalimu anayekataza ruhusa ya kutoka darasani huchangia zaidi ya anavyodhani.

Dawa pia hufunga choo, na mara nyingi hakuna aliyemwambia mgonjwa. Za kwanza ni dawa kali za maumivu kama vile kodeini, tramadoli na mofini. Zipo pia tembe za madini ya chuma wanazopewa wajawazito, dawa za kiungulia zenye alumini, baadhi ya dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, amitriptilini (dawa ya sonona), na baadhi ya dawa za shinikizo la damu kama verapamili. Usiache dawa uliyoandikiwa; muulize aliyekuandikia kama inaweza kubadilishwa, au kama utumie na dawa ya choo pamoja. Kisukari, tezi ya shingo iliyopungua nguvu, na ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson huweza nao kuwa nyuma ya tatizo, ndiyo maana mtu anayehisi baridi isivyo kawaida, anayenenepa bila sababu na anayechoka mchana kutwa hupimwa damu kabla ya kupewa dawa ya choo.

Anza na saa

Utumbo mpana hulala usiku na kuamka pamoja na mwenyewe. Msukumo wake mkubwa huja baada ya kuamka, na mwingine huja baada ya kula, kwa sababu tumbo linapojaa hutuma ishara ya kuufanya utumbo ulio chini yake usogeze mzigo. Ishara hizi mbili zikikutana, mtu hupata nafasi bora kuliko zote katika siku nzima.

Kwa hiyo, baada ya sala ya alfajiri, kunywa glasi ya maji au kikombe cha kitu cha moto, kisha kula kifungua kinywa bila kukiahirisha. Kahawa huuchochea utumbo wa watu wengi katika muda wa dakika chache, na mzee anayekunywa kahawa tungu mapema asubuhi kisha akarudi nyumbani kwa haraka anaitumia tiba hii bila kuijua. Kati ya dakika 15 na 30 baada ya kula, nenda chooni ukae, hata kama huhisi haja. Usikae zaidi ya dakika kumi. Kisipotoka, inuka uende kwenye shughuli zako bila kujilaumu, na kesho urudi saa ile ile. Fanya hivyo kwa wiki nne kabla ya kusema kwamba haikufaa, maana kinachofundishwa hapa ni msuli, na msuli hujifunza kwa kurudiarudia. Simu iache nje ya choo. Humsahaulisha mtu dakika zake, na kukaa muda mrefu huifanya mishipa ya bawasiri ivimbe.

Mkao

Choo cha kuchuchumaa cha nyumba zetu za zamani, ambacho vijana wanakiona cha kishamba, ni bora kwa kazi hii kuliko cha kukalia. Mtu anapochuchumaa, kile kitanzi cha msuli hulegea na pembe kati ya puru na tundu hunyooka, na choo hupata njia iliyo wazi. Mwenye choo cha kukalia aweke kigoda chini ya miguu, chenye urefu wa takriban sentimita 20, ili magoti yawe juu ya nyonga. (Mbuzi ya kukunia nazi haifai; nimeulizwa.) Inama mbele kidogo, weka viwiko juu ya magoti, legeza mabega, na uache mdomo wazi kiasi. Usibane pumzi na kukaza shingo. Vuta pumzi taratibu mpaka tumbo lijae, ulisukume tumbo kwa mbele na chini kana kwamba unataka kiuno chako kipanuke, huku tundu la chini ukiliacha lilegee. Ukihisi unabana chini huku unasukuma, acha kusukuma, pumua, uanze tena. Wazee wenye magoti mabovu wasilazimishwe kuchuchumaa. Kigoda na kitu imara cha kushikia vinawatosha.

Kukanda tumbo husaidia pia, na watu wa kwetu wanajua kukanda. Tatizo ni kwamba wengi hukanda kuelekea upande usio sahihi. Lala chali na magoti yaliyokunjwa, anza upande wa kulia chini karibu na mfupa wa nyonga, panda juu hadi chini ya mbavu, vuka kwenda kushoto, kisha shuka upande wa kushoto, kwa dakika kumi hivi. Hiyo ndiyo njia ambayo choo chenyewe hupita. Mjamzito asikandwe.

Chakula na maji

Habari njema ni kwamba chakula chetu cha asubuhi kina tiba yake, ikiwa mtu atageuza kipimo. Kikombe kimoja cha mbaazi zilizopikwa kina karibu gramu 11 za nyuzinyuzi, na kunde hazipungui sana kutoka hapo. Anayekula mahamri manne na vijiko viwili vya mbaazi ale mahamri mawili na mbaazi bakuli, na atakuwa amefika karibu nusu ya mahitaji ya siku kabla ya saa mbili asubuhi. Mkate wa mofa wa mtama unaushinda mkate mweupe. Mchicha, kisamvu, mabamia, mapera yanayoliwa na mbegu zake, maembe, papai, tende na viazi vitamu vyote vinafaa, na vinapatikana sokoni mbele ya ngome kwa misimu yake. Ongeza polepole kwa muda wa wiki mbili hadi tatu. Mtu anayehama kutoka wali mtupu hadi mabakuli ya kunde kwa siku moja atapata gesi na kutokwa na hamu.

Kuhusu maji, nina maoni yasiyopendwa. Kunywa maji mengi kupita haja ya mwili hakulainishi choo cha mtu ambaye tayari anakunywa ya kutosha. Figo huyatoa tu. Lakini katika joto la pwani wengi hawanywi ya kutosha, hasa wavuvi, mafundi na wapagazi, na mwili uliokauka huyafyonza maji yote yaliyomo katika choo. Mkojo ndio kipimo: ukiwa na rangi ya manjano iliyofifia, umetosheka, ukiwa mzito kama chai, ongeza. Mwezi wa Ramadhani, yagawe maji kati ya futari na daku badala ya kuyanywa yote kwa mara moja, usiikose daku, na saa ya choo ihamishie baada ya futari, kwa sababu mlo mkubwa wa kwanza ndio utakaouamsha utumbo.

Dawa, kwa utaratibu wake

Ikiwa wiki nne za saa, mkao na chakula hazikutosha, hakuna aibu kutumia dawa, na hakuna haja ya kuanza na iliyo kali. Maganda ya isabgol, ambayo ni maganda ya mbegu za mmea, hufyonza maji na kuvimba. Kijiko kimoja cha chai katika glasi nzima ya maji, kinywewe mara moja kabla hakijaganda, kisha glasi nyingine ya maji juu yake. Usiyale makavu wala usiyanywe ukiwa unakwenda kulala, maana huweza kukwama njiani. Hayamfai mtu ambaye choo kimemganda tayari, wala yule aliyefungwa na dawa kali za maumivu.

Kundi la pili ni dawa zinazoyazuia maji yasifyonzwe kutoka kwenye choo: makrogoli, ambayo kwa mtu mzima kipimo chake cha kawaida ni gramu 17 katika glasi ya maji kila siku, na laktulosi, ambayo ni sharubati tamu inayoweza kuleta gesi. Hizi hazifanyi kazi siku hiyo hiyo; zipe siku mbili au tatu. Nimeona watu wakiziacha usiku wa kwanza kwa kusema hazina nguvu. Magnesia nayo hufanya kazi kwa namna hiyo, lakini mwenye ugonjwa wa figo asiiguse bila daktari.

Kundi la tatu ni zile zinazouchapa utumbo usukume: bisakodili, na sanamaki ambayo bibi zetu waliijua kabla ya kuwepo kwa tembe zake. Hunywewa usiku, na hufanya kazi baada ya kupita muda wa saa sita hadi kumi na mbili, ili msukumo wake ukutane na ule wa asubuhi. Ni dawa nzuri kwa siku chache au kwa mara moja moja, na anayejikuta akizihitaji kila siku amwone daktari ili atafutiwe sababu. Haluli na mafuta ya nyonyo ningependa yabaki kabatini. Mjamzito hasa asinywe nyonyo, kwa kuwa huweza kuuchochea mji wa mimba. Kupiga bomba la maji ya sabuni hukwangua na kuunguza ngozi laini ya puru, na sijaona ni kwa nini desturi hiyo haijafa.

Watoto na wazee

Mtoto anyonyaye maziwa ya mama pekee anaweza kukaa siku kadhaa bila choo na asiwe mgonjwa, ikiwa choo kikija ni laini, naye ananyonya na kuongezeka uzito. Lakini mtoto mchanga ambaye hakutoa choo chake cheusi cha kwanza ndani ya saa 48 baada ya kuzaliwa lazima aonwe na daktari, kwa kuwa huenda sehemu ya utumbo wake haina mishipa ya fahamu. Mtoto mkubwa anayevuka miguu, kusimama kwa ncha za vidole na kujificha nyuma ya mlango mara nyingi anazuia choo kilichomuumiza zamani. Adhabu huzidisha hofu. Kinachohitajika ni dawa ya kulainisha kwa wiki nyingi na kukalishwa chooni baada ya chakula bila ugomvi.

Kwa mzee asiyetembea, jihadharini na kuharisha kwa uongo. Choo kikigandamana katika puru, majimaji ya juu yake hupenya pembeni na kuchafua nguo, na watu wa nyumbani humpa dawa ya kuzuia kuharisha, ambayo humfunga zaidi. Mzee aliyekaa siku nyingi bila choo kisha akaanza kuvuja apimwe puru kwanza.

Wakati wa kwenda hospitali

Nenda bila kungoja ukiona damu katika choo, ukipungua uzito bila sababu, ukiwa na upungufu wa damu usioelezeka, au ikiwa una umri wa karibu miaka 50 au zaidi na desturi yako ya choo imebadilika ghafla, hasa kama ndugu wa damu amewahi kuugua saratani ya utumbo. Usiseme ni bawasiri mpaka mtu amekuangalia. Tumbo lililovimba na kuuma, pamoja na kutapika na kutoweza kutoa hata upepo, ni dharura ya saa ile ile, na dawa yoyote ya kuharisha katika hali hiyo ni hatari. Anayeishi Faza, Kizingitini au Siyu azingatie kwamba kuna safari ya mashua kabla ya kufika hospitali ya King Fahd mjini Lamu, kwa hiyo aondoke dalili zikianza, asingoje maji yajae kesho. Achukue daftari lake la choo na dawa zote anazotumia, pamoja na za mitishamba, azitie katika mfuko mmoja, amkabidhi daktari mfuko huo kabla ya kuanza maelezo.